Usipotaja Mahali

Ukiandika "sukuma" halafu ukanyamaza,
usitaje wapi,
mashine haikai ikikungoja.
Inaamua.
Hilo sikumwambia Lubigisa siku anaanza kazi
chumba cha nyuma, pale Cheyo:
meza mbili, feni moja, harufu ya nta
iliyoingia mpaka kwenye vibonye.

Yeye Msukuma, mimi Mnyamwezi, utani haukukauka.
"Amri kubwa humu, dada Kalunde, ina jina la kwetu.
Nyie mmeachiwa vuta."
Laiti ningemfungulia faili la mipangilio
badala ya kucheka.

Mimi nilinakili hazina nzima kutoka Kigoma,
na mashine yangu ikakumbuka njia yenyewe:
kuvuta ni huko, kusukuma ni huko.
Kwake niliiongeza kwa mkono, mstari mmoja,
mbiombio, umeme ukitishia kukatika,
nikaiita "chanzo".
Kwa Bukuru, kule Kigoma, iliitwa "shina".
Mashine ya mizani ya Sikonge iliiita "ile mpya",
na hiyo mpya ina miaka minne.

Machi tisa, saa nne usiku,
Lubigisa akarekebisha bei ya kilo. Kazi safi.
Akaandika neno moja, akanyamaza.
Mashine ikajibu: tayari.
Haikusema: tayari, nimepeleka kabatini,
kwenye hazina ya zamani
isiyosomwa na yeyote ila vumbi.

Siku kumi na moja mizani ya Sikonge
ikalipa asali kwa bei ya mwaka jana.
Nyamizi wa Ipole, ndoo arobaini na tatu,
mikono bado imevimba,
alihesabu noti mara mbili, akanirudishia karatasi.
"Hii mashine yenu inajua kusoma?"
Inajua, mama.
Shida yake inajua na kukisia.

Tukamsaka mkosaji.
Lubigisa alifanya nilivyomfundisha.
Mimi nilifundisha kinachofanya kazi kwangu.
Bukuru kwenye simu, honi ya treni nyuma yake:
"Huku reli inaishia, hatuna pa kupotelea.
Nyie mnaokaa njiapanda,
mnaachaje pointi ilale upande wowote?"

Tulibishana mpaka feni ikazimika.
Yeye alitaka mashine ikatae:
usipotaja mahali, isiende.
Lubigisa alitaka iulize.
Mimi nilitaka ikisie, lakini ikisie sawa kila nyumba;
hazina ya kunakili na ya kuongezwa kwa mkono
zile sahani moja.
Maana chaguo-msingi ni nini,
kama si adabu tuliyomwekea mgeni
asiyejua hata cha kuuliza?

Sikushinda. Bukuru alishinda nusu.
Sasa jina ni moja, "chanzo", Tabora na Kigoma.
Ukivuta bila kutaja, unavuta chanzo.
Ukisukuma bila kutaja, na tawi halimjui mwenzake,
mashine inagoma, inakwambia imegomea nini.
Na ikikubali, inataja ilikopeleka, jina zima,
kama kondakta anayerudisha chenji kwa sauti.

Juu ya faili nimeandika, kwa atakayekuja
nikiwa nimehama au nimesahau:
Hapa ukimya una maana moja. Ukiibadilisha,
ibadilishe kwetu sote, usiku mmoja.

Nyamizi tulimlipa pengo lake.
Alihesabu tena mara mbili. Sikumlaumu.

Hazina ya kabatini tumeizima.
Imebaki Sikonge.
Mwenye nywila alihamishiwa Mpanda, simu hapokei,
na mizani kule bado inaita "ile mpya",
inavuta kila alfajiri,
kutoka wapi,
naenda Alhamisi kuangalia.